Jua la Same na Vidonge vya Wachezaji

Wakati wa likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Upare kumjulia hali dada yangu, ambaye shamba lake liko mteremkoni, juu ya mji wa Same. Jioni ya siku ya pili mwanawe, kijana wa miaka kumi na saba anayecheza nafasi ya kiungo katika timu ya shule yake, alinijia akiwa na kichupa cheupe mkononi. Baada ya kuniamkia alisema: “Mjomba, wewe umeyasomea mambo haya. Nimeambiwa vidonge hivi vinaongeza mbio na pumzi, na kwamba wachezaji wa Ulaya wote wanavimeza. Je, nimeze kimoja kwa siku au viwili?”

Nilikisoma kibandiko. Ilikuwa vitamini D, iliyotengenezwa ng'ambo. Nilipouliza bei yake, kijana aliinamisha kichwa. Mama yake ndiye aliyenijibu: alikuwa ameuza debe moja la maharage, katika yale aliyoyaweka akiba kwa chakula cha kiangazi, ili mwanawe asije akaachwa nyuma na wenzake.

Sikuweza kumlaumu dada. Mzazi anayesikia kwamba kuna kitu kinachoweza kumsaidia mwanawe hatafuti kwanza ushahidi, hutafuta fedha. Wala sikumlaumu mwalimu wa timu aliyetoa ushauri ule, kwani naye aliupata kwa wengine, nao waliupata katika maandishi ya nchi za mbali. Lakini swali la kijana lilinikaa moyoni, na kwa kuwa najua kwamba linaulizwa katika viwanja vingi vya nchi yetu, nimeona ni wajibu wangu kulijibu hadharani. Maoni yangu nayaweka wazi tangu mwanzo: kijana anayelima, anayetembea na anayecheza chini ya jua la Same hana sababu ya kununua vitamini D kabla hajapimwa, na fedha inayonunulia vidonge hivyo aghalabu huondolewa mahali ambapo mwili wake una haja nayo zaidi.

Vitamini inayotengenezwa na ngozi

Vitamini D si ugunduzi wa jana. Mwanzoni mwa karne ya ishirini watoto wengi katika miji ya viwanda ya Ulaya walipatwa na ugonjwa wa matege. Mifupa yao ililainika, miguu ikapinda, na misuli ikalegea. Moshi wa viwanda ulifunika anga, nyumba zilisongamana, na majira ya baridi yalikuwa marefu. Mwaka 1919 Mwingereza Edward Mellanby alionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba matege yanaweza kuletwa na chakula kibovu, na kwamba yanaweza kuzuiwa kwa mafuta ya ini la samaki. Mwaka huo huo Kurt Huldschinsky, daktari wa Berlin, aliwaponya watoto wenye matege kwa kuwaangazia kwa taa ya miali ya urujuanimno, yaani miali ambayo imo katika mwanga wa jua lakini jicho la mwanadamu haliioni. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani alikipa jina la vitamini D kile kitu kilichomo katika mafuta ya samaki, kwa kuwa herufi A, B na C zilikwisha kutwaliwa. Na mwaka 1928 Mjerumani Adolf Windaus alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa utafiti wake juu ya jamii ya kemikali ambazo kwazo vitamini hii hutengenezwa.

Msomaji atauliza: yawezekanaje mafuta ya samaki na mwanga wa taa vitibu ugonjwa mmoja? Jibu limo katika ngozi yetu. Ndani ya ngozi kuna kitu cha jamii ya kolesteroli ambacho, kikipigwa na miali ya urujuanimno, hugeuka na kuwa vitamini D. Kisha damu huichukua vitamini hiyo hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa mara ya kwanza, na baadaye kwenye figo, ambako hubadilishwa mara ya pili na kuwa tayari kwa kazi. Kazi yake kubwa ni kuuwezesha utumbo kufyonza madini ya kalsiamu kutoka katika chakula ili mifupa iwe migumu. Misuli nayo huihitaji. Mtu aliyepungukiwa sana na vitamini D huumwa mifupa, na hata kuinuka kitini humwia vigumu. Hapo ndipo ilipoanzia fikira kwamba vitamini hii huenda ikamsaidia mcheza kandanda.

Lakini si kila mwanga wa jua unaofanya kazi hiyo. Jua likiwa chini, karibu na upeo wa macho, miali yake hupita katika tabaka nene la hewa, na ile inayotengeneza vitamini karibu yote huishia angani. Kuna kipimo rahisi ambacho kila mwanafunzi anaweza kukitumia bila chombo chochote: asimame wima mahali pa wazi na kutazama kivuli chake. Kivuli kikiwa kifupi kuliko kimo chake, miali inafika vizuri. Kikiwa kirefu kuliko kimo, ni michache tu inayofika.

Mji wa Same uko karibu nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Hata katika mwezi wa Juni, jua linapokuwa limekwenda mbali kaskazini, wakati wa adhuhuri hupanda hadi kiasi cha nyuzi 62 juu ya upeo wa macho. Mimi nilisoma shahada yangu ya udaktari huko Uskochi, karibu nyuzi 56 kaskazini. Katika mwezi wa Desemba, jua la adhuhuri ya kule halizidi sana nyuzi 10. Mtu anapotembea, kivuli chake humtangulia kama mnazi ulioanguka. Ngozi yangu nyeusi, ambayo huchuja miali hiyo na hivyo huhitaji muda mrefu zaidi kuliko ngozi nyeupe, haikupata kitu kwa miezi mingi. Daktari aliponipima alikuta nimepungukiwa, akaniandikia vidonge, nami nikavimeza kwa shukrani. Kwa hiyo sisemi kwamba vidonge hivyo ni uongo. Ninachosema ni kwamba dawa iliyokuwa haki yangu nilipokuwa Uskochi si lazima iwe haki ya mpwa wangu aliyeko Same.

Tena msomaji ajaribu kipimo cha kivuli saa kumi alasiri, wakati michezo yetu mingi inapoanza. Ataona kwamba kivuli kimekwisha kukipita kimo chake. Maana yake ni kwamba mchezaji wetu hapati sehemu kubwa ya vitamini D katika mechi yenyewe. Huipata shambani, machungani, njiani kwenda na kurudi shule, na katika michezo ya mapumziko ya mchana. Na mwili una busara yake: ngozi ikikwisha kutengeneza kiasi cha kutosha, miali inayoendelea huigeuza ziada kuwa vitu visivyo na kazi. Jua haliwezi kumlevya mtu kwa vitamini D. Kidonge kinaweza.

Damu ya watu wetu ilipopimwa

Haya si maneno ya nadharia tu, kwani damu ya watu wa nchi hii imepimwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, walitangaza matokeo ya vipimo vya Wamasai na Wahadzabe 60 wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili. Wastani wa vitamini D katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Katika Wamasai, aliyekuwa na kiasi kidogo kuliko wenzake wote alikuwa na 58. Ili msomaji aelewe ukubwa wa tarakimu hizo, taarifa ya wataalamu wa Marekani ya mwaka 2011 ilisema kwamba nanomoli 50 kwa lita zinawatosha karibu watu wote. Katika watu wale 60 hakuwamo hata mmoja aliyekuwa chini ya kiwango hicho.

Mwaka uliofuata watafiti hao hao walichapisha uchunguzi mpana zaidi, uliohusu makundi matano ya Afrika Mashariki: Wamasai, Wahadzabe, na watu wa Sengerema, Ukerewe na Same. Naam, Same yetu. Waliopimwa kwa upande wa Same walikuwa wanawake wajawazito, mama wanaonyonyesha na watoto wachanga. Kwa jumla, watu wazima wasio wajawazito waliopimwa katika uchunguzi huo walikuwa na wastani wa nanomoli 107 kwa lita, na damu ya vitovu vya watoto waliozaliwa ilikuwa na 80. Ilionekana pia kwamba ulaji wa samaki ulikwenda sambamba na kupanda kwa vitamini D, na watu wa Same waliwekwa katika kundi la kati kwa ulaji huo. Kwa mtu anayeijua wilaya yetu hilo halishangazi, maana samaki wa Nyumba ya Mungu na dagaa wa sokoni si wageni katika vyungu vyetu.

Nayasimulia haya kwa fahari kidogo na kwa masikitiko kidogo. Fahari, kwa kuwa dunia nzima, ilipotaka kujua mwanadamu anayeishi juani kama walivyoishi wahenga anapaswa kuwa na kiasi gani cha vitamini D, ilikuja kuuliza damu ya Watanzania. Masikitiko, kwa kuwa jibu lile linajulikana zaidi katika maktaba za ng'ambo kuliko katika viwanja vya michezo vya Same, ambako vidonge vinauzwa kana kwamba jambo hilo halijawahi kuulizwa.

Wachezaji walipopimwa

Sasa tuje kwenye kandanda yenyewe. Uchunguzi unaotajwa mara nyingi na wenye kuvisifu vidonge ulichapishwa mwaka 2014, na ulifanywa na wataalamu wa kisiwa cha Krete kwa wachezaji 67 wa kulipwa wa Ugiriki. Walipimwa damu, mbio fupi, uwezo wa kuruka na uwezo wa mwili kutumia oksijeni, mara mbili: mwisho wa msimu, na tena baada ya mapumziko ya majuma 6. Mara zote mbili ilionekana kwamba wenye vitamini D nyingi ndio walioruka juu zaidi na kukimbia haraka zaidi. Habari hii ndiyo iliyosafiri hadi kwetu.

Lakini kuna nusu ya pili ya habari hiyo ambayo haikusafiri. Katika mapumziko yale ya majuma 6, wachezaji walikaa juani na vitamini D yao ikaongezeka sana. Je, mbio zao ziliongezeka? La. Zilipungua, na kuruka kwao kulipungua, na pumzi zao zilipungua, kwa sababu walikuwa wameacha mazoezi. Vitamini ilipanda na uwezo ukashuka katika miili ile ile. Hapa pana somo ambalo sisi walimu wa sayansi hulirudia kila mwaka: mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja ni chanzo cha lingine. Huenda mchezaji mwenye afya njema na bidii hufanya mazoezi zaidi nje, na kwa hiyo hupata vyote viwili, jua na nguvu.

Njia bora ya kujua ni kuwapa watu wengine vidonge na wengine vidonge vitupu visivyo na dawa, bila wenyewe kujua nani kapewa kipi. Wataalamu wa Liverpool walifanya hivyo. Katika jaribio moja, lililochapishwa mwaka 2013, wanamichezo 10 waligawanywa. Waliopewa yuniti 5,000 kwa siku kwa majuma 8 waliboresha mbio za mita 10 na kuruka kwao. Katika jaribio jingine la wataalamu hao hao, lililochapishwa pia mwaka 2013 na lililohusu wanamichezo 30 kwa majuma 12, vitamini katika damu iliongezeka sawasawa kama ilivyotarajiwa, lakini nguvu za misuli na kuruka hazikubadilika. Na tukumbuke kwamba hawa wote waliishi Uingereza, ambako wataalamu hao waliwakuta wengi wa wanamichezo waliowapima wakiwa chini ya nanomoli 50. Ikiwa faida ni ya mashaka kwa waliopungukiwa, kwa asiyepungukiwa tutegemee nini? Mtungi uliojaa ukizidi kumiminiwa maji huilowesha sakafu tu.

Tena kumwagika huko kuna hatari. Vitamini D ikizidi mno mwilini kwa sababu ya vidonge, kalsiamu hujaa katika damu. Mtu hupata kichefuchefu, kiu na udhaifu, na figo zinaweza kudhurika. Kijana anayeuliza kama ameze kimoja au viwili anauliza swali lenye uzito kuliko anavyodhani.

Nani basi huikosa?

Nisieleweke kwamba hakuna Mtanzania anayepungukiwa na vitamini D. Jua linalowaka nje halimfikii aliye ndani. Mtoto anayefungiwa chumbani tangu asubuhi hadi mama arudi kazini, mgonjwa asiyetoka kitandani, mfanyakazi anayeingia ofisini kabla ya jua kupanda na kutoka likishuka, mtu ambaye mavazi yake humfunika mwili wote, hawa wanaweza kupungukiwa hata wakiishi Same au Tanga. Na huko juu Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye urefu wa mita zipatazo 2,460, kuna miezi ya ukungu na baridi ambapo watu huvaa makoti mazito; hali yao si lazima iwe sawa na ya wenzao wa tambarare.

Dar es Salaam, jiji lenye jua tele, watafiti waliwapata watu 4,000 wenye virusi vya UKIMWI ambao vitamini D katika damu yao ilikuwa chini ya nanomoli 75 kwa lita. Waliwapa nusu yao vitamini na nusu vidonge vitupu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba vitamini haikupunguza vifo. Wala kile kiwango cha nanomoli 75, ambacho chama cha wataalamu wa homoni wa Marekani kilikihimiza mwaka 2011, hakikudumu: mwongozo wa chama hicho wa mwaka 2024 haukukihimiza tena. Ni dhahiri kwamba hata wenye vipimo hubadili vipimo vyao. Sisi tunaovipokea tuvipokee kwa macho yaliyo wazi.

Na hata matege yenyewe, kwetu Afrika, si mara zote huletwa na ukosefu wa vitamini D. Nchini Nigeria, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999, watoto wenye matege walipona vizuri zaidi kwa kupewa kalsiamu kuliko kwa kupewa vitamini D peke yake. Jua walikuwa nalo. Chakula chao ndicho kilichopungua. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao wangeweza kuwasaidia kuliko kichupa.

Pumzi ya mchezaji imo katika damu

Hapa nafika kwenye kiini cha maoni yangu. Mpwa wangu alipoeleza shida yake vizuri, hakulalamika mifupa wala misuli. Alisema kwamba kipindi cha pili hukosa pumzi, moyo humwenda mbio, na macho huona giza. Hizo si dalili za kukosa jua. Ni dalili zinazomtaka mtu aitazame damu kwanza.

Chembe nyekundu za damu hubeba oksijeni kwa kutumia hemoglobini, na kila molekuli ya hemoglobini ina atomi nne za chuma zinazoishika oksijeni hiyo. Chuma kikipungua, au chembe zikiharibiwa na malaria, au minyoo ya safura ikinyonya damu utumboni, mchezaji huwa kama gari lenye injini nzima lakini bomba la mafuta limeziba. Sri Lanka, katika miaka ya 1970, wanawake wa mashamba ya chai walipopimwa kwa kukimbizwa kwenye mashine, wenye hemoglobini ndogo walichoka mapema kuliko wenzao. Na katika Pwani ya Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba wavulana wa shule wenye minyoo, baada ya kupewa dozi moja tu ya dawa ya minyoo, walifanya vizuri zaidi katika jaribio la kupanda na kushuka kigoda.

Lakini kwa nini twende Sri Lanka wakati ushahidi uko mlangoni petu? Wazee wa Upare wanaukumbuka mradi wa kupambana na malaria wa Pare na Taveta. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za pande hizi zilipuliziwa dawa ya dieldrin, na malaria ikapungua mno. Mwaka 1960 daktari C. C. Draper alichapisha habari ya damu ya watu wa maeneo hayo: malaria ilipozuiwa, hemoglobini yao ilipanda. Hawakupewa vidonge vya nguvu. Walikingwa na mbu, na damu yao ikajijenga yenyewe. Upuliziaji ulipokoma, malaria ilirejea polepole. Kila kijana wa Upare anayetafuta pumzi angepaswa kuijua historia hiyo kabla ya kulijua jina la kidonge chochote.

Sasa tazama alichokifanya dada yangu kwa upendo wake. Maharage ni moja ya vyakula vya nyumbani kwetu vyenye chuma kingi. Ndiyo maana makande, chakula chetu cha siku zote, si chakula cha kudharauliwa. Dada aliuza chuma ili anunue jua, na jua lilikuwa likimwakia mwanawe bure tangu alfajiri. Chuma cha mimea, ni kweli, hufyonzwa kwa taabu. Lakini kuna njia za kukisaidia. Chungwa, pera au embe likiliwa pamoja na makande huongeza kufyonzwa kwa chuma, na chai ikinywewa pamoja na chakula hukizuia. Kuahirisha chai kwa saa moja au mbili baada ya chakula hakuna gharama yoyote.

Tufanye nini?

Kwanza, walimu wa timu, hasa wa shule, wasishauri kidonge chochote bila kipimo. Kabla ya msimu, wachezaji wapelekwe zahanati au hospitali wapimwe hemoglobini, malaria, minyoo na, kwa wanaooga katika mifereji na madimbwi ya tambarare, kichocho. Haya ni maradhi yanayojulikana, yenye vipimo na tiba. Hata vidonge vya chuma visimezwe ovyo: huko Pemba jaribio lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki bila kuchagua nani kapungukiwa waliugua sana na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Sheria ni moja kwa vidonge vyote: pima kwanza.

Pili, timu za wasichana zitazamwe kwa uangalifu zaidi. Msichana hupoteza damu kila mwezi, na mahitaji yake ya chuma ni makubwa kuliko ya mvulana. Ikiwa fedha za timu ni kidogo, zianzie kwa hao.

Tatu, mchezaji ale kabla ya kucheza. Wapo wanafunzi wanaocheza saa kumi alasiri wakiwa hawajala kitu tangu uji wa asubuhi, na wengine hata uji huo hawakuupata. Hakuna vitamini inayoweza kuchukua nafasi ya mlo.

Nne, na hili nawaambia wanasayansi wenzangu: kazi iko hapa. Katika wilaya moja tunao vijana wa tambarare yenye jua kali na vijana wa milima yenye ukungu, wenye lugha moja, chakula kinachofanana na mchezo mmoja. Tungeweza kuwapima wote vitamini D na hemoglobini, na kuwapima mbio na pumzi, kwa gharama ndogo kuliko ya tafiti nyingi tunazozisifu. Watoto wa Same wasingoje watafiti wa Groningen warudi.

Ama mpwa wangu, nilimpeleka kupimwa asubuhi iliyofuata. Alikutwa na minyoo, na hemoglobini yake ilikuwa chini ya kiwango cha kijana wa umri wake. Alipewa tiba akaambiwa arudi baada ya mwezi. Sitaki msomaji aifanye habari hii kuwa ushahidi; mtu mmoja si utafiti, na ningekuwa nafanya kosa lile lile ninalolikemea. Nimeitaja kwa sababu kipimo kile kilimgharimu dada yangu fedha kidogo kuliko kichupa, na lau angeshauriwa hivyo mapema, debe lake la maharage lingekuwa bado liko ghalani.